Hazina ya Msimbo: Nani Aingie, na Atoke na Nini?

Kasumulu ni mji mdogo wa mpakani katika Wilaya ya Kyela, Mkoa wa Mbeya. Barabara itokayo Uyole hupita Tukuyu, huteremka hadi Ibanda, na kuishia kwenye daraja la Mto Songwe, ambao ndio mpaka wa Tanzania na Malawi. Lori likifika hapo halivuki mpaka maswali mawili yapate majibu. La kwanza lamhusu dereva: yeye ni nani, na ni hati gani inayothibitisha hivyo? La pili lahusu mzigo: ndani mna nini, na je, ndicho kilichoandikwa katika hati zake? Dereva mwenye pasipoti halali aweza kuwa amepakia mzigo usio wake. Na mzigo halali waweza kuwa mikononi mwa mwizi. Ndiyo maana swali moja peke yake halitoshi.

Kasumulu hupitisha pia bidhaa isiyoonekana kwa macho. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, unafika hapo na kuunganishwa na mtandao wa Malawi. Ndani ya nyuzi zake za kioo, mwanga hubeba sauti, picha, barua na hesabu. Miongoni mwa vitu vinavyosafiri kila siku katika nyuzi za namna hiyo ni maandishi ya programu za kompyuta, yakitoka katika hazina yalimohifadhiwa na kwenda kwenye mitambo inayoyageuza kuwa programu kamili. Mitambo hiyo nayo haina budi kujibu maswali yale yale mawili. Makala hii yaeleza jinsi yanavyojibiwa, na kwa nini wataalamu wamelazimika kuyaboresha majibu hayo mara kwa mara.

Kutoka maandishi hadi programu

Kila programu huanza kama maandishi ya kawaida. Mtu huandika maagizo kwa lugha maalumu, mathalani Java, na maandishi hayo huitwa msimbo. Kabla ya kutumika, msimbo sharti utafsiriwe kwa lugha ya mashine, uunganishwe na sehemu nyingine zilizoandikwa na watu wengine, ujaribiwe, kisha ufungwe tayari kwa kupelekwa kwa watumiaji. Kazi hiyo yote huitwa kujenga programu, na hufanywa na programu nyingine ambayo hapa itaitwa chombo cha ujenzi.

Vyombo hivyo ni vingi. Maven ni kimojawapo, na hutumika sana kwa programu zilizoandikwa kwa Java. Jenkins, kilichoanzishwa na Kohsuke Kawaguchi kwa jina la Hudson na kupewa jina lake la sasa mwaka 2011, ni mfano wa msimamizi: hungojea badiliko jipya lifike hazinani, kisha huchukua msimbo na kuamuru ujenzi uanze, bila ya mtu kugusa kitufe.

Jambo hili lisidhaniwe kuwa liko mbali na maisha ya Kyela. Katika zahanati na vituo vya afya vya Tanzania Bara, watumishi hujaza vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya: watoto wangapi wamechanjwa, akina mama wangapi wamejifungulia kituoni, wagonjwa wangapi wameonekana kuwa na malaria. Takwimu hizo hukusanywa na kuingizwa katika programu iitwayo DHIS2, ambayo ukuzaji wake unaongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, kwa ushirikiano na vikundi vya wataalamu katika nchi nyingi, kikiwemo kile cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Msimbo wa DHIS2 uko wazi kwa kila mtu kuusoma. Unahifadhiwa katika hazina za Git, na kiini chake, kilichoandikwa kwa Java, hujengwa kwa Maven.

Kwa hiyo hesabu ya dawa na chanjo za zahanati moja ya ukanda wa Ziwa Nyasa inategemea, kwa mbali, uaminifu wa hazina ambayo mganga wake hajapata kuiona. Msimbo ukichukuliwa nusu, programu haitajengwa. Ukichukuliwa kutoka mahali pasipo penyewe, programu itajengwa vizuri kabisa, lakini haitakuwa ile iliyokusudiwa. Hatari hii ya pili ndiyo kubwa zaidi, kwa kuwa haipigi kelele.

Lakiri ya hesabu

Git ilitungwa na Linus Torvalds mwezi wa Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa Linux kunyimwa ruhusa ya kuendelea kutumia bure chombo walichokuwa wakihifadhia msimbo wao. Hazina ya Git si kabati la mafaili tu. Hutunza pia historia: kila badiliko lililopata kufanywa, aliyelifanya, tarehe yake, sababu aliyoiandika, na badiliko lililolitangulia.

Kila badiliko hupewa alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake. Mtu hajichagulii alama hiyo. Hesabu ndiyo inayoitoa. Darasa laweza kuona jinsi jambo hili linavyofanyika kwa kutumia karatasi na kalamu. Zipe herufi 26 za alfabeti namba, A ikiwa 1 na Z ikiwa 26. Chukua neno, zidisha namba ya kila herufi kwa nafasi yake katika neno, jumlisha, kisha gawanya kwa 97 na utunze baki. Neno KYELA litatoa 11×1 + 25×2 + 5×3 + 12×4 + 1×5 = 129; na 129 ukigawanya kwa 97 baki ni 32. Sasa herufi mbili zibadilishane nafasi, neno liwe KYALE. Jumla yake ni 137, na baki ni 40. Herufi ni zile zile, lakini alama imebadilika. Atakayelipokea neno pamoja na alama yake ataweza kugundua kwamba limeguswa.

Hata hivyo lakiri hii ya darasani ni dhaifu. Baki zinazowezekana ni 97 tu, kuanzia 0 hadi 96. Wanafunzi wakiandika maneno 98 tofauti, hapana budi maneno mawili yatapata alama moja. Git, tangu mwanzo wake, ilitumia hesabu iitwayo SHA-1, ambayo alama yake ina biti 160 na huandikwa kwa tarakimu na herufi 40. Idadi ya alama zinazowezekana ni 2 kwa kipeo cha 160, yaani namba yenye tarakimu 49. Lakini wingi huo nao haukutosha milele. Mwezi wa Februari 2017, watafiti wa taasisi ya CWI ya Amsterdam na wa kampuni ya Google walionyesha mafaili mawili tofauti yenye alama moja ya SHA-1. Mwaka huo huo Git iliongezewa uwezo wa kutambua mbinu hiyo na kuikataa, na baadaye ikaanza kuandaliwa njia ya kutumia hesabu yenye nguvu zaidi, SHA-256. Hivi ndivyo sayansi ya lakiri inavyokwenda: fundi wa kufuli na fundi wa kuifungua hufukuzana daima.

Mzigo: kuchukua kinachohitajika tu

Chombo cha ujenzi kikitaka kufanya kazi, hatua yake ya kwanza ni kuchukua nakala ya msimbo hazinani. Njia ya kawaida huchukua kila kitu, pamoja na historia yote ya miaka kumi au ishirini. Mtafiti atakayetaka kujua nani alibadilisha mstari fulani, na lini, ataihitaji historia hiyo. Mtambo unaojenga toleo la leo kwa kawaida hauihitaji. Ni sawa na lori kwenda Kyela kuchukua gunia moja la mchele, likarudi na magunia ya misimu yote iliyopita.

Gharama ya kosa hilo yaweza kukokotolewa. Chukua mfano wa hazina yenye megabaiti 600, historia yote ikiwemo, na laini ya intaneti inayopitisha megabiti 2 kwa sekunde. Baiti moja ina biti 8, kwa hiyo mzigo ni megabiti 4,800, nao utachukua sekunde 2,400, yaani dakika 40. Ujenzi ukifanyika mara 10 kwa siku, laini itashikwa kwa saa 6 na dakika 40. Sasa iwe msimbo wa leo peke yake ni megabaiti 30. Kila safari itachukua dakika 2, na safari 10 zitakuwa dakika 20. Msimbo uliojengwa ni ule ule. Kilichopungua ni mzigo.

Njia za kupunguza mzigo ni nne. Ya kwanza ni nakala ya juujuu: chombo huomba badiliko la mwisho tu na kuiacha historia. Ya pili ni nakala ya sehemu: historia huja kwa muhtasari, na yaliyomo katika mafaili hufuata pale tu yanapohitajiwa. Ya tatu, iliyorahisishwa katika toleo la Git la mwezi wa Januari 2020, ni kufungua baadhi tu ya folda za hazina kubwa. Ya nne ni ghala la karibu: nakala kamili huwekwa katika kompyuta iliyo jirani na chombo cha ujenzi, na kila mara huletwa yale mapya tu.

Kila njia ina bei yake. Baadhi ya vyombo hukokotoa namba ya toleo la programu kwa kuhesabu mabadiliko tangu lebo ya toleo lililopita. Vikipewa nakala ya juujuu havitaiona lebo hiyo, na vitatoa namba isiyo sahihi au kukataa kuendelea. Ghala la karibu nalo hula nafasi na huhitaji mtu wa kulitunza. Kwa hiyo mwenye kupanga ujenzi sharti ajue kwanza kazi yake inahitaji nini hasa, ndipo achague.

Kwa Afrika ya Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee. Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na EASSy kuanza kazi miaka ya 2009 na 2010, intaneti ya eneo hili ilitegemea sana setelaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Nyaya hizo zilileta nafuu kubwa, ila nazo hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 zote mbili ziliharibika katika eneo la bahari kati ya Msumbiji na Afrika ya Kusini, na watumiaji wa Tanzania na nchi za jirani wakapata mtandao dhaifu au wakaukosa kabisa. Siku kama hiyo, chombo cha ujenzi kinachodai megabaiti 600 hakifanyi kazi. Chenye ghala la karibu chaweza kuendelea.

Hati: anayebisha hodi ni nani?

Hazina nyingine, kama zile za DHIS2, ziko wazi kwa wasomaji wote. Nyingine ni za siri, na hata zilizo wazi haziruhusu kila mtu kuandika ndani yake. Kwa hiyo mlinzi wa hazina hana budi kumtambua anayebisha hodi.

Njia ya zamani ni neno la siri. Udhaifu wake ni kwamba mwenye kulithibitisha hulazimika kulitamka, na likitamkwa laweza kusikiwa. Mwaka 1995 jambo hilo lilitokea katika mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, ambako mtu alitega sikio na kukusanya maneno ya siri yaliyokuwa yakipita. Mtafiti wa chuo hicho, Tatu Ylönen, alitunga mwaka huo huo njia ya mawasiliano iitwayo SSH, ambayo hadi leo ni mojawapo ya njia kuu za kuingilia hazina za Git.

Katika njia hiyo mtu aweza kutumia jozi ya funguo, wazo lililotangazwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976. Ufunguo mmoja ni wa wazi, na hukabidhiwa mlinzi wa hazina. Wa pili ni wa siri, na hautoki katika kompyuta ya mwenyewe. Mbisha hodi hutia saini, kwa ufunguo wake wa siri, maelezo ya mazungumzo yale mahususi. Mlinzi huikagua saini kwa ufunguo wa wazi. Mazungumzo ya kesho yatadai saini nyingine. Aliyetega sikio leo hapati chochote cha kumfaa kesho.

Chombo cha ujenzi kinaongeza ugumu mmoja: hakina mtu mbele yake wa kuulizwa. Hufanya kazi usiku wa manane, peke yake, na hati zake sharti zihifadhiwe mahali fulani. Zamani mafundi wengi waliandika neno la siri ndani ya anwani ya hazina, au katika faili la maagizo ya ujenzi. Matokeo yake, neno hilo lilinakiliwa katika daftari la ujenzi, yaani faili ambamo chombo huandika kila hatua inayofanyika, na kila aliyesoma daftari akalijua. Maboresho ya miaka ya karibuni yamefuata mkondo mmoja. Anwani na hati hutenganishwa. Hati hutunzwa katika sanduku la pekee, na zikitokea daftarini huandikwa nyota badala yake. Ufunguo wa mtambo hufungua hazina moja tu, kwa kusoma bila kuandika. Na badala ya neno la siri la kudumu, hutumika tokeni yenye muda mfupi, ambayo hufa kazi inapokwisha. Tarehe 13 Agosti 2021, GitHub, mojawapo ya maghala makubwa ya hazina za Git duniani, iliacha kabisa kupokea maneno ya siri ya akaunti kwa kazi za Git.

Aidha, mbisha hodi naye hana budi kumtambua mlinzi, asije akamkabidhi tapeli siri zake. Kompyuta hutunza alama ya ufunguo wa kila seva inayoifahamu. Mwezi wa Machi 2023, GitHub ilibadilisha ufunguo wake mmoja wa SSH, baada ya ule wa siri kuonekana kwa muda mfupi katika hazina iliyo wazi. Mitambo mingi ilisimama ghafla ikionya kwamba seva haikuwa ile iliyozoeleka. Onyo hilo lilikuwa kazi iliyofanyika sawasawa. Fundi aliyelizima bila kulinganisha alama mpya na ile iliyotangazwa alijitoa mwenyewe mlinzi mlangoni.

Lebo si lakiri

Tukio la mwezi wa Machi 2025 lilionyesha kwamba maswali yale mawili hayawezi kutenganishwa. Kijiprogramu kimoja kiitwacho tj-actions/changed-files kilikuwa kikitumika katika ujenzi wa hazina zaidi ya 23,000. Wengi walikiomba kwa lebo ya toleo. Katika Git, lebo ni jina lililobandikwa juu ya badiliko fulani, na mwenye ruhusa ya kuandika hazinani aweza kuibandua na kuibandika kwingine. Wadukuzi walipata ruhusa hiyo, wakazihamisha lebo za matoleo mengi zikaelekea badiliko moja lenye sumu. Ujenzi ulipoanza, badiliko hilo lilisaka siri katika kumbukumbu ya mtambo na kuziandika katika daftari la ujenzi. Pale daftari lilipokuwa wazi, kila mtu aliweza kuzisoma.

Waliotaja badiliko salama kwa alama yake kamili ya tarakimu na herufi 40 walipata lile lile walilolikagua zamani. Lebo ilihama, alama haiwezi kuhama, kwa kuwa imekokotolewa kutokana na yaliyomo. Na wale ambao mitambo yao ilikuwa na tokeni za muda mfupi, zenye ruhusa finyu, walikuwa na machache ya kupoteza hata pale walipoibiwa.

Hilo ndilo funzo kuu la maboresho haya yote. Hakuna mlinzi asiyeweza kudanganywa siku moja. Kwa hiyo fundi mwenye busara hupunguza kile kitakachopotea siku hiyo: huchukua msimbo wa kutosha kazi, huutaja kwa alama yake, humpa mtambo ruhusa ndogo kuliko zote zinazotosha, na huifuta ruhusa hiyo kazi inapomalizika. Ofisa forodha naye hufanya hivyo hivyo anapoandika katika kibali jina la dereva, aina ya mzigo, namba ya lakiri na siku ya mwisho.

Maswali ya kujipima

1. Hazina ina megabaiti 750, na laini hupitisha megabiti 4 kwa sekunde. Nakala kamili itachukua dakika ngapi? Nakala ya juujuu yenye megabaiti 50 itachukua sekunde ngapi?

2. Kwa kutumia lakiri ya darasani, kokotoa alama ya neno KASUMULU. Kisha tafuta maneno mawili yenye alama moja. Ulijaribu maneno mangapi kabla ya kuyapata?

3. Shule ina kompyuta moja inayotumiwa na walimu wote kwa neno moja la siri. Taja mambo mawili yatakayoharibika mwalimu mmoja akihamishwa, kisha ueleze jinsi jozi ya funguo kwa kila mwalimu ingeyaondoa.